Pointi mbili zilizotutenga na Sudan Kusini: Kikosi cha Morans kisukwe vipi upya?

MWISHONI mwa Agosti 2021, jijini Kigali, timu ya taifa ya mpira wa vikapu ya wanaume, Morans, ilizidiwa na Sudan Kusini kwa pointi 60-58 katika mechi ya kuwania tiketi ya robo fainali ya Kombe la Afrika, AfroBasket. Tofauti ilikuwa kikapu kimoja tu.

Kenya ilifunga virago na kurejea nyumbani. Sudan Kusini nayo ilisonga mbele na tangu siku hiyo haijatazama nyuma. Februari 2023 ilifuzu kwa fainali za Kombe la Dunia. Huko Manila ikaizaba China 89-69, ikaicharaza Angola 101-78, ikamaliza juu ya timu nyingine zote za Afrika na kujikatia tiketi ya Michezo ya Olimpiki ya Paris 2024. Julai mwaka huo, jijini London, nusura iwaaibishe Wamarekani, waliookolewa na LeBron James dakika ya lala salama wakashinda 101-100. Olimpiki ilipoanza, Sudan Kusini ikailaza Puerto Rico 90-79.

Nasi je? AfroBasket ilipoandaliwa Angola mnamo 2025, Uganda na Rwanda zilikuwa miongoni mwa timu 16 zilizoshiriki. Kenya haikuwepo.

Linaloumiza zaidi ni kwamba, Januari 2020, hapa hapa Nairobi, ni Morans waliowafunga Sudan Kusini katika hatua ya mapema kabisa ya mchujo wa mashindano hayo ya 2021. Majirani hao walipata nafasi nyingine baadaye baada ya Algeria kujiondoa. Kwa hivyo hatukushindwa na timu iliyokuwa imetuacha mbali. Tulitoka naye mwenzetu mahali pamoja, kisha njiani akatupita.

Mimi ni shabiki wa siku nyingi. AfroBasket ilipoletwa Nairobi mnamo 1993 nilikuwa kijana wa chuo, na Kenya ilimaliza katika nafasi ya nne barani. Ilitubidi kungoja miaka 28 kabla ya kurudi katika fainali hizo. Ndiyo sababu nimekuwa nikijiuliza swali ambalo kila shabiki hujiuliza kimyakimya: lau ningepewa kalamu na karatasi, kikosi hiki ningekisuka vipi?

Makala hii ni jaribio la kulijibu swali hilo kwa hesabu na kanuni badala ya ushabiki mtupu.

Hesabu ya dakika 200

Mashabiki wengi hukitathmini kikosi kwa kumtazama nyota wake. Hilo ni kosa la kwanza.

Mechi ya kimataifa ya vikapu huchezwa kwa dakika 40, yaani robo nne za dakika 10 kila moja. Wachezaji watano huwa uwanjani kwa wakati mmoja. Kwa hivyo kocha ana dakika 200 za kugawa kwa wachezaji wake 12.

Tuseme nyota watatu wanacheza dakika 36 kila mmoja. Hizo ni dakika 108. Wenzao wawili wanaokamilisha tano bora wakicheza dakika 26 kila mmoja, ni dakika 52 zaidi, na jumla ni 160. Dakika 40 zilizosalia zitagawiwa wachezaji saba wa benchi, na hazifiki sita kwa kila mmoja.

Katika mechi moja mpango huo unaweza kufaulu. Katika mashindano ambayo mechi hufuatana kwa siku chache, haufai kitu. Kufikia mechi ya nne nyota atakuwa anaburura miguu, na mpira aliokuwa akiutumbukiza kikapuni kwa urahisi utaanza kugonga ukingo na kurudi.

Basi ubora wa kikosi hupimwa zaidi kwa mchezaji wa sita hadi wa tisa: wale wanaoingia ili wa kwanza wapumzike, bila ya pengo la pointi kupanuka. Timu nyingi za Afrika zina mchezaji mmoja au wawili wa kuogopwa. Zenye tisa wa kutegemewa ni chache, na hizo ndizo zinazofika nusu fainali.

Tulipungukiwa na nini?

Kabla ya kununua dawa ni sharti kuujua ugonjwa. Tuyarejelee matokeo ya 2021.

Mnamo Februari mwaka huo, mjini Yaoundé, Kenya iliishangaza Angola kwa 74-73. Kikapu cha ushindi kilifungwa na Tylor Ongwae, wakati huo akiichezea Bakken Bears ya Denmark, mpira ukiwa hewani huku king'ora cha mwisho kikilia. Timu hiyo ilinolewa na Mwaustralia Liz Mills, ambaye baadaye mwaka huo alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume katika AfroBasket. Huko Kigali, kundi letu lilikuwa na Nigeria, Ivory Coast na Mali. Tulishindwa na hizo mbili za kwanza, tukaifunga Mali.

Kisha ikaja mechi ya Sudan Kusini. Anayezuia mpinzani kwa dakika 40 na kumruhusu pointi 60 pekee amekaba vyema. Katika kiwango hicho, kuruhusu pointi 60 kwa kawaida kunatosha kushinda. Tatizo lilikuwa upande wa pili wa uwanja: sisi wenyewe tulipata 58.

Sitaki kuujenga ukuta mzima juu ya tofali la mechi moja. Hata hivyo, yeyote aliyeitazama timu ile atakumbuka jinsi mashambulizi yalivyokwama kila mara Ongwae alipobanwa na walinzi wawili. Mpira ulizunguka, sekunde 24 zinazoruhusiwa kwa kila shambulizi zikayoyoma, na mwishowe mtu akarusha mtupo wa kubahatisha.

Ugonjwa huo hautibiwi kwa kuongeza majitu marefu peke yake. Hutibiwa kwa kupata mchezeshaji anayeweza kuuvunja ukuta wa walinzi na kumfikishia mwenzake mpira kwa wakati, pamoja na wafungaji wawili au watatu wa mitupo ya mbali, nje ya mstari wa mita 6.75, ambao mpinzani hathubutu kuwaacha pekee. Hao wakiwepo, nyota hupata nafasi ya kupumua.

Njia mbili: ya Angola na ya Sudan Kusini

Barani Afrika kuna njia mbili zilizothibitishwa za kujenga timu ya taifa.

Ya kwanza ni ya Angola, ambayo ilitwaa taji lake la 12 la AfroBasket mnamo 2025 mbele ya mashabiki wake jijini Luanda kwa kuibwaga Mali 70-43 katika fainali. Msingi wa Angola tangu zamani ni ligi ya nyumbani. Klabu zake hulipa, hufunza na hushindana vikali. Petro de Luanda ilishinda Ligi ya Vikapu ya Afrika, BAL, mnamo 2024. Mchezaji anapoitwa timu ya taifa huwa amekwisha kuzoeana na wenzake kwa miaka.

Njia ya pili ni ya Sudan Kusini. Taifa hilo lilipata uhuru Julai 2011. Luol Deng, aliyechezea Chicago Bulls kwa miaka kumi na kuiwakilisha Uingereza katika Olimpiki ya 2012, alikabidhiwa uongozi wa shirikisho la nchi hiyo mnamo 2019. Hakuwa na ligi ya maana wala ukumbi wa kisasa. Alichokuwa nacho ni maelfu ya vijana wa Sudan Kusini waliotawanywa na vita kote Australia, Marekani na Afrika Mashariki. Akawaita, akagharamia sehemu ya safari na kambi kutoka mfukoni mwake, na akamteua Mmarekani Royal Ivey kuwa kocha.

Kenya haiwezi kuiga njia yoyote kati ya hizo mbili neno kwa neno. Hatuna ligi yenye fedha kama ya Angola, ingawa Nairobi City Thunder ilipiga hatua kubwa mnamo 2025 ilipokuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL. Wala hatuna watoto waliotawanyika kwa wingi kama wa Sudan Kusini. Wakenya wengi walienda ughaibuni kwa masomo na kazi, na hesabu yao haitokani na vita.

Lakini tuna kiasi fulani cha vyote viwili. Hilo ndilo jawabu langu la kwanza: kikosi kichanganywe kwa makusudi, kila kundi likitoa kile kinachokosekana katika jingine.

Sheria ya miaka 16

Hapa ndipo shabiki anapaswa kuwa makini, kwani watu husema, "Waleteni Wakenya wa Marekani!" kana kwamba ni suala la tiketi ya ndege tu.

Shirikisho la kimataifa, FIBA, lina kanuni kali. Kila timu ya taifa huruhusiwa kumtumia mchezaji mmoja pekee kati ya wale waliopata uraia wa nchi hiyo baada ya kutimiza umri wa miaka 16. Kanuni hiyo iliwekwa ili mataifa tajiri yasinunue timu nzima.

Wengi hudhani kwamba inawahusu wageni tu. La hasha. FIBA huhitaji ushahidi, na ushahidi unaokubalika kwa kawaida ni pasipoti iliyotolewa kabla ya mchezaji kutimiza miaka 16. Kijana aliyezaliwa Dallas na mama kutoka Kakamega, ambaye alichukua pasipoti ya Kenya akiwa na miaka 20, anaweza kujikuta akihesabiwa katika nafasi ile moja, sawa na Mmarekani asiye na jamaa yeyote hapa.

Ajabu ni kwamba sheria zetu wenyewe hazina kikwazo. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa iwapo baba au mama yake ni raia, awe amezaliwa nchini au nje, na kinawahusu pia waliozaliwa kabla ya Katiba hiyo kuanza kutumika. Kifungu cha 16 kinaruhusu uraia wa nchi mbili. Kwa hivyo mbele ya Katiba kijana huyo ni Mkenya tangu alipopumua mara ya kwanza. Mbele ya meza ya FIBA, kinachotazamwa ni tarehe iliyopigwa kwenye pasipoti.

Jambo hili halihitaji mamilioni ya pesa. Linahitaji daftari. Shirikisho letu likiwa na orodha ya watoto wa Wakenya wanaocheza vikapu katika shule za Marekani, Uingereza na Australia, wenye umri wa miaka 12 hadi 15, na mtu mmoja wa kuwapigia wazazi wao simu na kuwaelekeza katika ubalozi ulio karibu, kwa muda wa miaka mitano tutakuwa na hazina ambayo hakuna sheria itakayotupokonya. Tusipofanya hivyo, kila mwaka kundi zima la vijana hao linavuka miaka 16 na mlango unafungwa nyuma yao.

Nafasi moja ya thamani

Vipi kuhusu ile nafasi moja? Sudan Kusini ilimpa Carlik Jones, mchezeshaji kutoka Marekani, na ndiye aliyekuwa injini ya mashambulizi yake Manila na Paris. Tukumbuke kwamba taifa hilo halina uhaba wa warefu. Halikutumia nafasi hiyo kuongeza mrefu mwingine. Liliitumia kwa kile lilichokosa.

Nasi tungeitumia kwa namna iyo hiyo. Kwa kuwa tatizo letu lilikuwa ufungaji, nafasi hiyo iende kwa mchezeshaji, awe ni Mkenya wa ughaibuni aliyechelewa kupata pasipoti au mtu mwingine aliye tayari kuivaa jezi yetu kwa miaka kadhaa na si kwa wikendi moja. Nao wanaonung'unika kwamba atamzibia njia kijana wa nyumbani wana hoja. Dawa yake ni kumweka kijana huyo kando yake katika kila kambi, ajifunze, kisha achukue usukani.

Kalenda isiyosubiri mtu

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki hulisahau. Mechi za kufuzu huchezwa kwa vipindi vifupi, mara nyingi Novemba, Februari na katikati ya mwaka. Ligi ya NBA haisimamishwi kwa ajili ya mechi hizo. Vyuo vikuu vya Marekani huwa katikati ya msimu wao Novemba na Februari. Hata klabu kubwa za Ulaya huwaachilia wachezaji kwa shingo upande.

Maana yake ni kwamba timu inayofuzu na timu inayokwenda fainali mara nyingi si timu moja. Mchujo hupiganwa na wachezaji wa nyumbani na wale wa ligi za kati za Ulaya na Afrika. Vijana wa vyuo vya Marekani hupatikana zaidi mashindano yanapofanyika Agosti.

Kwa hivyo anayewapuuza wachezaji wa Ulinzi Warriors, KPA, Equity Dumas au Nairobi City Thunder kwa sababu ya kuwatamani walio ng'ambo atajikuta hana timu Februari. Na anayewang'ang'ania wa nyumbani pekee huenda akafuzu, kisha akafika fainali na kukosa pumzi. Orodha ya kocha inapaswa kuwa na majina 24 yanayofuatiliwa mwaka mzima, ili kila kipindi kiwe na 12 wake.

Warefu wanaotupita mlangoni

Msomaji, umepata kulisikia jina la Khaman Maluach. Ni kijana mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.1, aliyezaliwa Sudan Kusini na kukulia Kampala. Hakuanza vikapu utotoni. Alionekana kwa sababu ya kimo chake, akahimizwa ajaribu, kisha akapelekwa katika akademia ya NBA nchini Senegal. Alicheza Kombe la Dunia akiwa na miaka 16, Olimpiki akiwa na 17, na Juni 2025 akachaguliwa wa kumi katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA.

Maluach ni wa Sudan Kusini na haki yao wasiporwe. Ninachokiona katika kisa chake ni kwamba palikuwa na mtu wa kumwona na mahali pa kumpeleka. Katika shule zetu za upili kutoka Turkana hadi Kwale, mvulana mrefu wa kidato cha kwanza mara nyingi hufanywa mchezaji wa kuning'inia chini ya kikapu, ashinde kombe la kaunti mwaka huo, na hakuna anayemfunza kupiga chenga wala kurusha kutoka mbali. Akimaliza shule, anakuwa mrefu asiye na ufundi, na mrefu asiye na ufundi katika vikapu vya leo hana kazi.

Ningetaka kila kikosi cha Morans kiwe na vijana wawili wasiozidi miaka 20, hata kama hawatacheza dakika tano. Wakae kambini, wabebe mipira, wasikie jinsi kocha anavyozungumza wakati timu iko nyuma kwa pointi kumi.

Kikosi changu cha 12

Sasa nitaje mchanganyiko wangu. Kwa kazi uwanjani: wachezeshaji watatu, wafungaji wa mbali watatu, mafowadi watatu na masenta watatu. Kwa asili yao: watano kutoka ligi ya nyumbani, wanne wanaolipwa kucheza katika mataifa mengine, vijana wawili, na mmoja wa ile nafasi maalumu.

Majina sitayataja. Majina hubadilika kwa jeraha moja au msimu mmoja mbaya, na shabiki anayeanza na majina huishia kumtetea jamaa wa mtaani kwake. Kanuni yangu ni moja: kila anayeitwa awe na kazi inayoelezeka kwa sentensi moja. "Huyu anaingia kumkaba mfungaji wao bora." "Huyu anaingia kunyakua ribaundi." Asiyeelezeka, hata akiwa maarufu, abaki nyumbani.

Najua pingamizi zitakazokuja. Ataambiwa kocha kwamba vijana wa nyumbani ndio waliotoa jasho katika mchujo, na ni dhuluma kuwaacha fainali zikifika. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa timu ni watu wala si vipande vya sataranji. Ndiyo maana nimewatengea nafasi tano, na ndiyo maana wa ughaibuni nao waitwe mapema, wajulikane, wale meza moja na wenzao. Asije mtu siku mbili kabla ya mechi na kumpokonya mwenzake jezi.

Wengine watasema tatizo letu ni pesa. Ni kweli kwamba bila nauli na kambi hakuna timu. Lakini daftari la wachezaji, simu kwa mzazi, na kocha wa shule anayemfunza kijana mrefu kupiga chenga si mambo yaliyotushinda kwa ukosefu wa pesa. Yametushinda kwa kuwa hakuna aliyeambiwa kwamba ni kazi yake.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jijini Kigali tulikosa kikapu kimoja. Pengine aliyepaswa kukifunga alikuwa benchi akiwa hajawahi kupewa dakika, au katika ukumbi wa shule fulani huko Minnesota, na pasipoti yake ilikuwa haijaombwa. Leo yupo mwingine kama yeye. Iwapo ametimiza miaka 15, amebakiwa na muda usiozidi mwaka mmoja.